Ova ya Nne

Mimi ndiye mwandishi wa mikimbio wa klabu yetu ya kriketi, na wachezaji waliopo sasa wote wamenikuta mezani. Kazi yenyewe haina makuu. Unahitaji meza, kiti, kitabu kipana chenye visanduku vidogo vidogo, kalamu mbili na macho ya kutosha. Kila mpira unaorushwa huandikwa. Mpigaji akikimbia mara moja unaandika moja, mpira ukivuka mpaka wa uwanja kwa kubiringika unaandika nne, usipopatikana mkimbio unatia nukta. Mipira sita ikitimia ndiyo ova, na hapo mrushaji mwengine anachukua mpira kurusha kutoka upande wa pili. Mpigaji akitoka, kwa vigingi vilivyo nyuma yake kung'olewa au mpira alioupiga kudakwa, unaandika katoka vipi na nani kamtoa. Kila timu ina mwandishi wake, wote wawili wanakaa meza moja, na mwisho wa mchezo vitabu vyao lazima vilingane.

Niliingia katika kazi hii kwa sababu ya mume wangu. Yeye alikuwa mpigaji wa klabu mpaka goti lilipomkatalia, na mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali hapa mjini. Siku moja mwandishi wa klabu aliugua. Mume wangu akaniambia nikakae mezani siku ile tu, kwani mkono wangu mwepesi na sina tabia ya kuzungumza nikiwa kazini. Siku ile tu ndiyo hii mpaka leo. Nimeshastaafu ofisini, lakini Jumapili naondoka nyumbani Kikwajuni na mkoba wangu, nakwenda kwa miguu mpaka uwanja wa Mnazi Mmoja, na vijana wanainuka kunipokea mkoba na kunitilia kiti chini ya turubai.

Klabu chache za hapa Unguja zilipokubaliana kucheza mechi fupi, za ova ishirini kila upande, mimi ndiye niliyepiga chapa sheria zake. Zilikuwa kurasa mbili. Manahodha walizungumza, wakabishana, wakafuta na kurudia, na mimi nikaandika yale waliyokubaliana. Nakumbuka walivutana sana juu ya timu inayochelewa, na juu ya mtu kutoka uwanjani kwenda kusali, kama aruhusiwe kurusha mara tu anaporudi. Kuhusu warushaji hawakuvutana hata kidogo. Waliona haki kwamba timu yenye mrushaji mmoja hodari isimtumie yeye peke yake mchezo mzima, kwa hivyo niliandika kwamba mrushaji mmoja hatazidisha sehemu moja ya tano ya ova za upande wake. Kwa ova ishirini ni ova nne. Kila mtu akakariri hiyo nne, na ile sehemu moja ya tano ikabaki kwenye karatasi.

Lazima niseme pia kwamba mimi si mzaliwa wa mjini. Nimezaliwa Makunduchi, kusini ya kisiwa, nimekulia huko, na nililetwa mjini na ndoa. Kwa miaka mingi kriketi ilikuwa mchezo wa mjini, na huko kwetu kama uliujua basi uliujua kwa kusikia. Kisha mwalimu mmoja wa skuli ya msingi, aliyejifunza mchezo huu alipokuwa chuoni, akaanza kuwafundisha vijana wa Makunduchi. Walicheza ufukweni maji yakitoka, mchanga ukiwa mgumu, kwa mpira wa tenisi na gongo lililochongwa kwa upongoo, ule uti mgumu wa kuti la mnazi. Baada ya miaka michache wakawa timu, mwalimu ndiye nahodha, na wakaja mjini kucheza na sisi.

Walifungwa. Walikuja tena wakafungwa, na safari ya tatu vilevile. Vijana wetu wa mjini hawakuwa wabaya, lakini walikuwa na maneno yao. Wakiwaona wanashuka garini husema, watu wa shamba hao wamefika, leo tutarudi nyumbani mapema. Mimi nilikuwa mezani nikichonga penseli, nikisikia. Hawakuwa wananisema mimi, na wengi wao hata hawakujua kwetu wapi. Sikuwahi kuwaambia.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa Jumapili ya mvua za vuli. Mvua ilianza asubuhi na ikaendelea mpaka karibu na adhuhuri. Watu wa Makunduchi walifika wakakaa chini ya turubai pamoja nasi, tukanywa chai, tukaitazama mvua ikitengeneza madimbwi. Ilipokatika, vijana wa timu zote mbili walichukua magunia wakakausha maji, kisha wakatandika ule mkeka mnene wa makumbi tunaorushia mpira. Mwamuzi wetu ni fundi wa feni na pasi, ana kibanda chake Darajani, mtu mtaratibu asiyependa fujo. Alitazama saa yake, akawaita manahodha wawili.

"Ishirini hatutowahi," alisema. "Tucheze kumi na tano kila upande."

Wakakubali. Akaja mezani akatwambia na sisi waandishi: ova kumi na tano. Nikaandika namba hiyo juu ya ukurasa, nikaizungushia duara. Mwenzangu akafanya vivyo hivyo. Hakuna aliyesema kitu juu ya warushaji.

Mwenzangu huyo, mwandishi wa Makunduchi, ni mzee aliyekuwa akifanya kazi katika zahanati kabla ya kustaafu. Mimi humwita kaka, na yeye huniita dada, na tunapokuwa wawili tu tunazungumza kwa lugha ya kwetu. Kuandika kwake ni kwa taratibu na kwa uzuri, kila namba kama imepigwa chapa. Huandika na kuitamka palepale, "nukta," "moja," "nne hiyo, dada," nami najibu, na hivyo ndivyo tunavyohakikisha kwamba hatupotezani.

Makunduchi walipiga kwanza wakapata mikimbio tisini na nne. Haikuwa mingi sana wala haba. Vijana wetu walianza vizuri, halafu wakakutana na mrushaji mmoja wa Makunduchi, kijana mwashi, mrefu, mwenye mbio nzuri na mkono ulionyooka. Mama yake nimecheza naye utotoni. Alirusha ova mbili mwanzoni akamtoa mpigaji wetu wa kwanza, kisha nahodha wake akampumzisha, akamrudisha ova ya kumi na mbili. Hiyo ilikuwa ova yake ya tatu, na akamtoa mtu mwengine tena.

Adhana ya alasiri ilikuwa imeshapita. Ova ya kumi na tatu ilipokwisha, kaka yangu akaweka kalamu yake chini.

"Dada, mie nnakwenda kusali," alisema. "Nijazie kitabu changu, nikirudi ntakitazama."

"Nenda, nnakujazia," nikamwambia. Mimi mwenyewe husali nyumbani nikifika, wakati unakuwa bado upo.

Akaondoka kwenda msikitini, nami nikavuta kitabu chake nikakiweka kando ya changu. Hali ilikuwa hivi: klabu yetu ilikuwa na mikimbio sabini na nane, watu sita wameshatoka, na tulikuwa tunahitaji mikimbio kumi na saba kwa mipira kumi na miwili iliyobaki. Kwenye mkeka alikuwepo mpigaji wetu mkubwa, nahodha mwenyewe, kijana anayefanya kazi bandarini. Mtu kama yule kumi na saba anaipata bila ya kutoka jasho.

Yule mwalimu akamrushia mpira kijana mwashi.

Katika kitabu chetu kila mrushaji ana mstari wake, na kila ova ina kisanduku chake. Nilipoweka kalamu kwenye kisanduku cha nne cha yule kijana, mkono ulisita. Sikujua kwa nini. Mpira wa kwanza ukarushwa, nahodha wetu akauzuia, nikatia nukta mara mbili, kwangu na kwa kaka. Kisha nikafungua mkoba nikatoa zile kurasa mbili nilizozipiga chapa mwenyewe. Sehemu moja ya tano. Kumi na tano ukigawa kwa tano ni tatu.

Mpira wa pili ukarushwa, wapigaji wawili wakakimbia mara moja wakabadilishana upande, nikaandika moja. Mpigaji mwengine akawa ndiye anayekabili.

Hapo nilikuwa nimeshajua. Nataka jambo hili liwe wazi, kwa sababu baadaye watu wengi walinisaidia kwa kusema kwamba nilichelewa kuona. Sikuchelewa. Nilikuwa na nafasi ya kuinua mkono. Mwamuzi angesimamisha mchezo, angekuja mezani, ningemwonyesha karatasi, na mpira angepewa mrushaji mwengine kumalizia mipira minne iliyobaki. Ni jambo la dakika mbili. Nilimtazama yule kijana akirudi nyuma kuchukua mbio, akiupangusa mpira kwenye suruali yake, na wenzake wakimpigia makofi, na nikajiambia ngoja mpira huu mmoja upite.

Kigingi cha kati na cha pembeni viling'oka. Mpigaji wetu akabaki amesimama na gongo lake, hajui mpira umepita wapi.

Baada ya hapo ikawa vigumu zaidi. Mpira wa nne ulikuwa nukta. Wa tano, mpigaji mpya aliupiga juu, ukadakwa, akatoka naye. Wa sita walipata mikimbio miwili. Nikaandika yote, mara mbili, kwa mwandiko mzuri. Ova ya mwisho ilirushwa na mtu mwengine, na nahodha wetu alipigana mpaka mpira wa mwisho akaongeza kumi. Tukaishia tisini na moja. Makunduchi walikuwa wameshinda kwa mikimbio mitatu.

Walikimbia uwanjani kama watoto. Mwalimu wao alikaa kitako juu ya mkeka, akaweka mikono usoni. Kaka yangu alikuwa amesharudi, amesimama nyuma ya kiti changu, na nilihisi kiti kinatikisika kwa namna alivyokishika.

"Umenijazia?" aliuliza.

"Nimekujazia."

Akakaa, akapitisha kidole juu ya kurasa mbili, yangu na yake, akajumlisha. Vitabu vililingana. Akatia saini, nami nikatia saini, na mwamuzi akatia yake bila ya kusoma, kama anavyofanya kila mara.

"Ahsante, dada," kaka aliniambia. "Leo ntakula vizuri."

Nilirudi nyumbani na mume wangu. Yeye huja kila Jumapili, hukaa kwenye benchi upande wa pili wa uwanja na wazee wenzake. Baada ya magharibi nilimtengea chakula, wali na mchuzi wa pweza, nikakaa mbele yake bila ya kujipakulia. Akala kidogo, akanitazama.

"Sema," akaniambia.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, na ule mpira wa tatu nikauleza kama nilivyoueleza hapa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mie nilihisabu."

"Ulihisabu nini?"

"Ova zake. Alipopewa mpira ile mara ya mwisho, nilijua ni ya nne. Nikakutazama wewe. Nikakuona umetoa karatasi, nikasema, ah, kashaona."

"Mbona hukusema?"

"Mie nimekaa benchini nakula njugu. Kitabu kilikuwa kwako." Hakusema kwa ukali. Alimega tonge, akaongeza, "Nilikuwa nangoja uinue mkono."

Nilimuuliza kama amenikasirikia, kwani ile ni klabu yake, aliyoichezea mpaka goti likaharibika. Alifikiri. Alisema hakukasirika kwa kufungwa. Alisema anajua kwetu wapi, na anajua maneno wanayoyasema wale vijana, na pengine angekuwa yeye angefanya hayohayo. "Lakini kaka yako alikwachia kitabu chake," alisema. Nikainuka nikaenda jikoni.

Asubuhi nilimpigia simu kaka. Nilitarajia atanikatiza, hakunikatiza. Nilipomaliza, nilisikia kuku wake wakilia karibu na simu na yeye akivuta pumzi.

"Kwa hivyo ova ile ya nne haikuwa halali," alisema.

"Haikuwa halali."

"Na imo kwenye kitabu changu."

"Mwandiko wangu, kaka. Kitabu chako."

Kisha akasema, "Basi nnakuja kesho. Usimwambie mtu mpaka nifike. Tutakwenda pamoja."

Alikuja Jumanne na kitabu chake ndani ya mfuko wa nailoni, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Tulikwenda Darajani kwa mwamuzi. Alikuwa amefungua feni, vipande vyake vimetandazwa juu ya gazeti. Akatusikiliza huku bisibisi iko mkononi, akafuta mikono, akaomba zile kurasa mbili. Akazisoma zote, tangu mwanzo, kwa sauti ndogo.

"Mmeandika hapa," alisema, "malalamiko yatolewe kabla ya waandishi kutia saini. Nyinyi mmeshatia saini. Na mimi nimetia. Kwa karatasi hii matokeo yamesimama."

"Hata kama mwandishi mwenyewe anakiri?" kaka aliuliza.

"Karatasi haikusema lolote juu ya mwandishi kukiri." Akanirudishia kurasa. "Na kosa si lenu peke yenu. Mimi ndiye mwamuzi, nilipunguza ova nikasahau kuwaambia warushaji. Lakini manahodha wakikubaliana wenyewe kufanya kitu, mie ntakuja kusimama. Feni hizi hazinikimbii."

Nahodha wetu nilimwambia mimi mwenyewe, jioni ile, nje ya geti la kazini kwake. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Alinisalimia kwa shikamoo kama kawaida, akatabasamu, na nilipokuwa nasema tabasamu likapungua kidogo kidogo.

"Bi mkubwa," alisema mwisho, "wewe mwandishi wetu."

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini?"

Nikamwambia kwamba mimi mtu wa Makunduchi, na kwamba nimesikia kila mara wanaposema watu wa shamba. Sikusema ili kujitetea, ila aliuliza na hilo ndilo jibu. Alitazama chini. Alisema, "Hatukuwa tunajua." Nikamjibu kwamba najua hawakuwa wanajua. Tukasimama pale mpaka mlinzi akafunga geti, na hapo akasema kwamba yeye hatolalamika, washinde tu, wamekuja mbali.

Lakini Makunduchi hawakutaka. Kaka aliporudi alimwambia mwalimu, na mwalimu akawaita vijana wake skulini baada ya vipindi. Baadhi yao walikuja juu. Walisema karatasi imesema matokeo yamesimama, basi yasimame, na kwamba lau ingekuwa watu wa mjini ndio walioshinda hivyo, hakuna ambaye angerudi nyuma. Kaka alinisimulia haya baadaye. Kilichomaliza ubishi, alisema, ni yule mwashi. Alisimama akasema hataki kushinda kwa ova isiyokuwa yake, kwa sababu hao hao wenzake ndio watakaokuja kumwambia hivyo siku moja. Wakakubaliana waje Jumapili ifuatayo, na mchezo uendelee pale ulipokuwa kabla ya ile ova, mipira kumi na miwili.

Ijumaa nilikwenda Makunduchi. Nilimkuta yule kijana kwenye nyumba inayojengwa karibu na skuli, yuko juu ya jukwaa, anapanga matofali. Mtu mmoja akamwita, akashuka, mikono imejaa saruji.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuomba radhi."

Aliokota tofali moja lililovunjika, akaliweka kando pasipokuwa na haja.

"Siku ile nilirudi nyumbani nikamwambia mama nimewatoa watu wanne," alisema. "Akawaambia majirani. Sasa wananiuliza barabarani."

"Najua."

"Mie sikujua kama zimepungua. Nilidhani nne."

"Wengi walidhani hivyo."

"Wewe ulijua." Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma. "Ungeinua mkono tu, bi. Ningempa mwengine mpira, yakesha. Tena pengine tungeshinda vilevile."

Nikamwambia ni kweli. Akaniambia nisubiri, akaenda akanawa, akarudi akanipa mkono, kisha akapanda jukwaani akaendelea na kazi. Nilikaa kidogo kwa dada yangu, nikarudi mjini kabla ya alasiri.

Jumapili ile ilikuwa na jua kali. Watu walikuja wengi kuliko mechi ya kawaida, kwani habari ilikuwa imeenea, na wengine walikuja kuangalia tu watu waliosafiri kisiwa kizima kwa ajili ya mipira kumi na miwili. Nilifika mapema. Nilichukua kalamu nyekundu nikazipiga mstari ova ya kumi na nne na ya kumi na tano katika kitabu changu, kaka akafanya hivyo katika chake, na tukaandika upya: sabini na nane, sita wametoka. Nilikuwa na hofu kwamba nahodha wetu atamwita mtu mwengine akae mezani. Alikuja, akaweka chupa ya maji mbele yangu na nyengine mbele ya kaka, akaenda kuvaa pedi za miguu.

Yule mwashi hakuruhusiwa kurusha. Alipelekwa kusimama mbali, karibu na mpaka, upande wa bahari. Ova ya kumi na nne ilirushwa na kijana mwengine, mfupi, mwenye mpira wa polepole unaogeuka. Alimtoa mtu mmoja, lakini tulipata mikimbio tisa. Tukawa na themanini na saba. Ova ya mwisho tulihitaji minane.

Mpira wa kwanza, moja. Mpira wa pili nahodha wetu aliupiga juu sana, ukapanda ukapotea kwenye jua, na chini yake alikuwa amesimama mwalimu, nahodha wa Makunduchi, amenyanyua mikono yote miwili na kuiweka tayari kama anayepokea sinia. Mpira ukaingia mikononi mwake, ukatoka, akaugonga kwa kifua, ukaanguka. Wakakimbia mara mbili.

"Mbili," kaka akasema, kwa sauti ya chini.

"Mbili," nikajibu.

Mpira wa tatu ulivuka mpaka, nne. Wa nne wakakimbia mara moja, wakafika tisini na tano. Tukashinda, mipira miwili haijarushwa.

Sikujua nimtazame nani. Vijana wetu walishangilia, lakini si kwa kelele zao za siku zote, na baada ya muda mfupi walikwenda kuwapa mikono wale wengine mmoja mmoja. Nahodha wetu alikwenda mpaka mpakani kwa yule mwashi. Walizungumza pale kwa muda, sijui nini, na nikawaona wote wawili wanaonyesha kwa mikono namna ya kushika mpira.

Kaka alijumlisha, mimi nikajumlisha, tukalinganisha. Kabla ya kutia saini alinigeuzia kitabu chake.

"Kisome," alisema.

"Nshakiona, kaka."

"Kisome chote."

Nikakisoma chote, mstari kwa mstari, na yeye akasoma changu. Ilichukua muda mrefu na mwamuzi akatusubiri bila ya kulalamika. Hivyo ndivyo tunavyofanya siku hizi. Wiki ile ile niliongeza sentensi mbili katika zile kurasa, kwamba ova zikipunguzwa mwamuzi atatangaza mrushaji mmoja ana ngapi, na waandishi wataiandika namba hiyo juu ya ukurasa. Manahodha walizipitisha bila ya ubishi.

Mama wa yule kijana sijamwona tangu siku hizo, na sijui atanipokea vipi nikimwona. Kaka ananiambia hana kinyongo. Mimi nadhani kaka anasema hivyo kwa sababu ananipenda.

Siku ile, baada ya chai na maandazi, watu wa Makunduchi walianza kupanda gari lao la kukodi. Nilikuwa bado nakusanya vitu vyangu mezani, na gari lilikuwa karibu, madirisha wazi, nikasikia kila kitu. Nilijitayarisha kusikia jina langu. Hakuna aliyenitaja. Walikuwa wote wamemgeukia mwalimu wao, wanazungumza kwa pamoja, na mmoja alikuwa anamwonyesha kwa viganja namna ya kudaka.

"Jua lilinipiga machoni," mwalimu alikuwa anasema.

"Jua lilikuwa nyuma yako, mwalimu."

"Lilikuwa mbele."

"Bahari ilikuwa mbele yako. Jua lilikuwa nyuma."

Dereva akawasha gari. Walipopinda kona ya barabara walikuwa bado wanabishana jua lilikuwa upande gani.